Mchezaji wa Jumapili Akae Benchi

Kuna jambo ambalo katika klabu yetu ya hoki husemwa kwa kunong'ona tu, ndani ya teksi, tunaporudi mjini baada ya mechi. Mimi naliandika hapa waziwazi ili asiyekubaliana nalo apate mahali pa kunijibu: mtu ambaye hakuonekana mazoezini Jumanne wala Alhamisi asianze mechi ya Jumapili. Hata awe fundi wa gongo kiasi gani. Hata awe ndiye aliyetufungia mabao mengi msimu uliopita. Hata kama kwa kumweka nje tutapoteza pointi tatu na watani wetu wakatucheka wiki nzima.

Najua watakaonuna. Baadhi yao ni kaka na dada zangu wakubwa katika klabu, watu walionifundisha kushika gongo, na mmoja wao hunilipia nauli ninapokuwa sina. Nawaheshimu. Lakini heshima haimzuii mtu kubishana, na wahadhiri wetu hawachoki kutuambia kwamba hoja hujibiwa kwa hoja.

Kwanza niwaeleze wenzangu wa darasani, maana wengi bado huniuliza kama hoki ndiyo ule mchezo wa kuteleza kwenye barafu. Siyo huo. Huu ni mpira wa magongo, kama watangazaji wa redio wanavyouita. (Mwenzangu aliyesoma Tanzania hucheka kila nikisema nakwenda kununua gongo, kwa sababu huko gongo ni pombe ya kienyeji inayopigwa marufuku.) Kiwanja kina urefu wa mita 91.4 na upana wa mita 55. Mpira ni mgumu kama jiwe, una uzito wa gramu 156 hadi 163, na unaruhusiwa kuugusa kwa upande bapa wa gongo tu, si ule wa mviringo. Mechi ina robo nne za dakika 15. Wachezaji kumi na mmoja huwa uwanjani na watano benchi, na hao wa benchi wanaweza kuingia na kutoka wakati wowote, mara nyingi kadiri kocha apendavyo. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Katika hoki kila mtu anatafuta cha mvunguni kwa saa nzima, kwa hiyo timu yote inakimbia ikiwa imeinama, na asiyezoea kuinama mgongo humshitaki kabla ya robo ya pili kwisha.

Sasa wiki yetu. Jumatatu ni ya kuuguza majeraha. Mtu anatembea chuoni akichechemea, ana alama ya buluu juu ya goti, akiulizwa anasema ameanguka kwenye ngazi kwa sababu kueleza hoki ni kazi ndefu. Jumanne tunakutana saa kumi na moja jioni. Kiwanja tunachotumia si chetu. Tunakigawana na watu wa kandanda, ambao huwa hawajamaliza, kwa hiyo robo saa ya kwanza tunakimbia pembeni tukiwazunguka kama watu waliokodishwa kuwalinda. Wakiondoka tunapanga koni, na kazi inaanza: kupokea mpira, kuutuliza, kuupeleka. Kupokea, kutuliza, kupeleka. Kwenye nyasi zenye vichuguu mpira hauji unavyotarajia, unaruka hatua moja kabla ya kukufikia, na njia pekee ya kuuzoea ni kuupokea mara mia. Jumatano kila mtu kivyake, kukimbia au kusukuma mpira ukutani. Alhamisi ni siku ya mipira ya kupangwa, na nitaieleza zaidi kwa sababu ugomvi wangu unaanzia hapo. Saa moja kasoro giza linaingia, hatuna taa, tunaokota mipira kwa kupapasa.

Ijumaa usiku orodha ya kikosi inatumwa kwenye kundi la WhatsApp. Kila mtu anaisoma akiwa kitandani, na kila mtu anajifanya hakuisoma. Halafu Jumamosi au Jumapili tunakwenda Lugogo, kando ya barabara ya Jinja, kucheza ligi.

Katika orodha hiyo ya Ijumaa ndimo anamotokea mtu ninayemwita mchezaji wa Jumapili. Hakuonekana tangu mechi iliyopita. Hana habari kwamba Alhamisi tulibadilisha namna ya kukaba. Anafika Lugogo zimebaki dakika ishirini mechi ianze, amepanda bodaboda, gongo lake zuri limo kwenye mfuko mrefu mgongoni, anasalimia kila mtu kwa furaha, na jina lake liko kati ya kumi na mmoja wa kwanza. Si mtu mbaya. Mara nyingi ndiye mcheshi kuliko sote, na miguu yake kweli ina kipaji. Ninachokataa si tabia yake, ni nafasi tunayompa.

Nafasi hiyo ilikuwa ya mtu mwingine. Msimu uliopita katika timu yetu ya wanawake alikuwapo binti wa mwaka wa kwanza, simtaji jina. Hakukosa hata Jumanne moja. Mvua ikinyesha alikuwapo. Alikuja mapema akapanga koni na akabaki nyuma kuzikusanya, na kila wikendi alivaa jezi, akakaa benchi, akashangilia, akavua jezi ikiwa safi kama alivyoivaa. Wiki moja hakuja. Hakuandika barua ya kujiuzulu, hakugombana na mtu. Tuligundua ameondoka kwa sababu koni zilikuwa bado zimo kwenye gunia, na kila mtu alikuwa akimwangalia mwenzake azitoe. Wakubwa walisema hakuwa na moyo wa kuvumilia. Mimi nasema alifanya hesabu yake vizuri. Alikuwa akilipa nauli mara tatu kwa wiki ili ajifunze kwamba mazoezi hayana thamani, na somo hilo alilielewa kuliko sisi tuliomfundisha.

Ninajua nitaambiwa kwamba hiyo ni huruma, na kwamba ligi haichezwi kwa huruma. Sawa. Basi tuuangalie mchezo wenyewe.

Katika hoki kuna pigo liitwalo kona ya adhabu, ambalo wachezaji wengi huliita kona fupi. Beki akikosea ndani ya ile nusu duara ya mbele ya goli, wapinzani wanapewa kona hiyo. Mmoja wao anasimama kwenye mstari wa goli, mita 10 au zaidi kutoka kwenye mlingoti, na kuusukuma mpira nje ya nusu duara. Mwenzake anautuliza, wa tatu anapiga. Sisi tunaojilinda tunaruhusiwa watu watano tu nyuma ya mstari, kipa akiwemo. Wengine wetu wote wanapelekwa hadi mstari wa kati, na hawaruhusiwi kurudi hadi mpira uguswe. Kwa hiyo kwa sekunde chache mchezo wa watu ishirini na wawili unageuka kuwa jambo la watu watano dhidi ya kundi zima.

Watu hao watano hawawezi kubahatisha. Mkimbiaji wa kwanza anatoka mbio kumwendea mpigaji, lakini haendi moja kwa moja kama mtu anayekimbilia basi. Anafuata njia waliyokubaliana na kipa, ambayo inafunga upande mmoja wa goli kwa gongo lake na kumwachia kipa upande mwingine auone. Wa pili anakaa nyuma yake kidogo kusafisha mpira unaorudi. Wa tatu na wa nne wanagawana milingoti au mtu wa pembeni, kulingana na kile kipa alichokisoma. Kipa anasema neno moja tu, na neno hilo limeamuliwa Alhamisi. Aliyekuwapo Alhamisi analijua. Ambaye hakuwapo anageuza shingo kuuliza, na wakati anauliza mpira umeshapigwa.

Yupo atakayesema kwamba kocha anaweza kumtoa kwanza. Hawezi. Kanuni zinaruhusu kubadilisha wachezaji wakati wowote isipokuwa huu: kona ya adhabu ikishatolewa, hakuna kubadilisha hadi iishe, labda kipa awe ameumia au amefungiwa. Waliopo uwanjani ndio hao hao. Ule uhuru wa benchi, ambao wakubwa wetu hutaja kila siku kama dawa ya kila ugonjwa, unafungwa mlango hasa pale unapohitajika.

Na si bao peke yake linalopotea. Mkimbiaji wa kwanza akikosea njia, anasimama kati ya kipa na mpira, kipa haoni, na mpira ule mgumu unakuja ama kwenye goti la mkimbiaji ama kwenye goli. Ndiyo maana wakimbiaji huvaa barakoa na kinga za magoti katika kona, wakiwa nazo. Sisi tuna barakoa chache na tunapeana. Mimi nimewahi kuwa wa nyuma ya mtu aliyekimbia njia yake mwenyewe, njia ambayo hakuna aliyeijua. Sikumlaumu kwa woga, kwa sababu hakuwa mwoga hata kidogo, alikuwa jasiri kupita kiasi katika mahali pasipo pake. Ningependa wanaopanga kikosi wafikirie goti la mtu mwingine wanapohesabu vipaji.

Halafu iko robo ya nne. Mtu aliyepumzika wiki nzima anang'aa robo ya kwanza, na hapo ndipo anapopata jina. Watazamaji wanaondoka na picha ya chenga zake mbili. Robo ya nne anatembea, ameweka mikono kiunoni, na yule aliyekimbia Jumanne anakaba watu wawili, wake na wa bingwa. Bao likiingia, linaandikwa jina la beki wa mwisho aliyepitwa. Halijawahi kuandikwa jina la aliyeacha kurudi nyuma kutoka katikati.

Sasa nije kwa wapinzani wangu, na niwape haki yao.

Wa kwanza husema: mla ni mla leo, mla jana kala nini? Yaani kinachotazamwa ni mechi ya leo, mazoezi ni ya jana. Methali ni tamu, ila wanaitumia kinyume. Mchezaji wa Jumapili ndiye anayekula ya jana: sifa za msimu uliopita, bao la shuleni, kombe alilolichukua kabla baadhi yetu hatujajua gongo ni nini. Aliyetoka mazoezini Alhamisi ndiye mla leo.

Wa pili huleta mfano wa Zimbabwe, na huu ni mfano mzito, sitaukimbia. Mwaka 1980 nchi nyingi zilisusia Olimpiki ya Moscow kwa sababu ya Wasovieti kuivamia Afghanistan. Hoki ya wanawake ndiyo kwanza ilikuwa inaingia katika Olimpiki, na timu zikakosekana. Zimbabwe, nchi iliyopata uhuru miezi michache tu kabla, ikaalikwa zikiwa zimebaki wiki chache. Kikosi kilichaguliwa mwishoni mwa wiki, michezo ikiwa mlangoni. Hawakuwa wamewahi kucheza juu ya zulia la bandia. Wakarudi na medali ya dhahabu. Basi wakubwa wetu husema: mnaona? Mazoezi ya nini?

Naona, ila naona zaidi ya hapo. Wanawake wale hawakuokotwa njiani. Walikuwa wachezaji wa klabu na wa mikoa, wa miaka mingi, katika nchi ambayo hoki ya wanawake ilikuwa na mechi zake za kila wiki. Kilichofanyika haraka ni kuchagua majina. Kucheza walikuwa wamekucheza siku zote. Na wanaotaja Zimbabwe husahau kwamba katika michezo hiyo hiyo palikuwa na timu nyingine ya Afrika iliyoalikwa kujaza nafasi, nayo ni ya wanaume wa Tanzania. Walikutana na India, waliokuja kuchukua dhahabu, wakafungwa 18–0, na wakamaliza wa sita kati ya timu sita. Sisemi hivyo kuwadhihaki jirani zetu. Kukubali kwenda kusimama mbele ya India ni ushujaa, na wengi wetu tungeugua ghafla. Nasema tu kwamba mwaliko wa ghafla haumpi mtu kitu ambacho hakuwa nacho jana yake. Anayetaka kuleta mfano wa Moscow alete timu zote mbili.

Na kwa nini twende mbali? Sisi Uganda tuna mfano wetu, na inasikitisha kwamba wengi katika klabu yetu hawaujui. Olimpiki ya Munich ya 1972 tunaikumbuka kwa John Akii-Bua, aliyeshinda mita 400 za kuruka viunzi kwa sekunde 47.82, rekodi ya dunia. Anastahili. Lakini katika mji huo huo na wiki hizo hizo, timu ya hoki ya wanaume ya Uganda ilitoka sare ya 1–1 na Ujerumani Magharibi, mwenyeji, ambaye siku chache baadaye aliifunga Pakistan 1–0 katika fainali na kutwaa dhahabu. Uganda haikushinda kundi lake, ilimaliza katika nafasi za chini. Hata hivyo iliwazuia mabingwa. Tangu mwaka huo hatujacheza tena hoki ya Olimpiki.

Sehemu kubwa ya wachezaji wale walikuwa Wauganda wenye asili ya Asia. Tarehe 4 Agosti mwaka huo huo Idi Amin alikuwa ametangaza kuwafukuza Waasia, na muda uliotolewa ukawa siku 90. Yaani walipokuwa Munich wakiinama juu ya mpira kwa jezi ya Uganda, siku zilikuwa zinahesabiwa nyumbani kwao. Mimi kila nikilifikiria jambo hilo hushindwa kuelewa walipata wapi nguvu ya kupokea hata pasi moja.

Wachezaji wale waliwezaje kuwasimamisha Wajerumani? Hawakuwa wameajiriwa kucheza hoki. Walikuwa makarani, wafanyabiashara, wanafunzi. Nyuma yao palikuwa na klabu za Wagoa na za Masingasinga ambamo jioni ilikuwa na kazi maalumu: ofisi ikifungwa, duka likifungwa, watu wanakwenda kiwanjani, mtoto anamfuata baba, mwishoni mwa wiki wanacheza. Sitaki kuzipamba klabu hizo. Zilikuwa za jamii moja moja, na Mwafrika mara nyingi aliutazama mchezo akiwa nje ya uzio, jambo ambalo nalo liliugharimu mchezo: wenyewe walipoondolewa, wachache tu walibaki wa kuushika. Lakini utaratibu ule wa jioni ulikuwa ndio injini. Amin alipowafukuza watu, magongo mengine yalibaki, viwanja vilibaki, kanuni zilibaki. Zilizoondoka ni zile Jumanne na Alhamisi zao. Na sisi, ambao hakuna aliyetufukuza, tunaziacha kwa hiari yetu halafu tunashangaa kwa nini Munich haijirudii.

Wa tatu katika wapinzani wangu ndiye ninayemwogopa kidogo, kwa sababu anasema kweli. Yeye ana kazi. Anatoka ofisini saa kumi na moja, na foleni ya Kampala jioni kila mtu anaijua. Akiwahi sana anafika sisi tukipapasa mipira gizani. Je, nimfukuze? Yeye ndiye anayelipia usajili wa wanafunzi wasio na kitu. Simfukuzi. Ila nauliza: kwa nini mazoezi yote mawili yawe saa ambayo hawezi? Moja liwe Jumamosi asubuhi mapema, wikendi ambazo tunacheza Jumapili, saa moja hadi saa tatu, na kona za adhabu zihamie huko. Asiyeweza hata hilo, basi kazi yake imemchagulia, na hakuna aibu kuwa mchezaji wa akiba anayeingia robo ya pili badala ya kuanza. Aibu ni kudai uanze.

Na yupo asiyefika kwa sababu hana nauli. Huyu ndiye anayenifanya nisikubaliane na wale wachache wanaoniunga mkono kwa ukali kupita mimi, wanaotaka daftari la mahudhurio na basi. Daftari peke yake litamwadhibu maskini na kumpongeza anayekaa karibu na kiwanja. Katika klabu ya wanafunzi nauli ya mara tatu kwa wiki ni chakula cha siku kadhaa. Kwa hiyo sheria ninayoitaka haiwezi kuja bila kisanduku cha nauli. Kila anayecheza mechi achangie kidogo siku ya mechi, mwenye mshahara achangie zaidi, na mwekahazina amrudishie nauli mwanafunzi aliyekuja Jumanne, siku hiyo hiyo, bila kumfanya aombe mbele za watu. Klabu ikishindwa kufanya hivyo, nitaondoa hoja yangu mwenyewe kabla haijapigiwa kura.

Hapa niwageukie wasomaji ambao hawajali hoki hata chembe na wamefika hadi hapa kwa adabu tu. Sisi wanafunzi wa Kiswahili wa Uganda tunamjua mchezaji wa Jumapili kuliko mtu yeyote. Lugha yenyewe imewekwa kikosini kwa namna hiyo hiyo. Amin aliitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973. Katiba iliporekebishwa mwaka 2005 ikawa lugha rasmi ya pili. Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaipitisha tena na kutaka ifundishwe shuleni kwa lazima. Jina liko kwenye orodha kila Ijumaa! Jumanne yake iko wapi? Tazama hata darasani kwetu: tunaandika insha za ufasaha usiokuwa na doa, kengele ikilia tunatoka nje tunazungumza Kiingereza na Kiganda hadi siku ya mtihani. Uwanjani kwetu, ajabu, ndiko ninakosikia Kiswahili kikifanya kazi, kwa sababu tuna wachezaji wa kaskazini, wa magharibi na wanafunzi wawili waliotoka Kenya, na mtu akitaka kuokoa mguu wa mwenzake hachagui sarufi. "Nyuma yako!" "Mwache, chukua wa ndani!" "Tulia, tulia, peleka!" Kiswahili hicho hakimpendezi kila mhadhiri, lakini ni cha kila Jumanne.

Nirudi kwenye hoja ya mwisho ya wapinzani, ile ya kushuka kwenye msimamo wa ligi. Wanasema tukiwaacha nje mabingwa wetu, tutafungwa. Huenda, mechi mbili au tatu za mwanzo. Nimekwisha kusema kwamba niko tayari. Lakini waniambie sasa hivi tunafanya nini? Hatuko juu. Tunafungwa tukiwa na mabingwa, tunafungwa kwa kona za adhabu na katika robo ya nne, sehemu mbili ambazo kipaji kisichofanya mazoezi hakisaidii chochote. Tofauti ni kwamba tukifungwa na wale waliokuja Alhamisi, Jumanne inayofuata tunajua tuanzie wapi kurekebisha, kwa sababu waliokosea wapo na wanasikia. Tukifungwa na mchezaji wa Jumapili, kocha anaeleza kosa la mtu ambaye hayupo mbele ya watu ambao hawakulifanya.

Mkutano wa klabu ni mwishoni mwa mwezi. Nitapendekeza mambo matatu yaende pamoja: asiyefanya hata zoezi moja katika wiki asiwe kati ya kumi na mmoja wanaoanza, isipokuwa mgonjwa na aliye katika mitihani, zoezi la kona lihamie Jumamosi asubuhi kwa wiki ambazo mechi ni Jumapili, na kisanduku cha nauli kifunguliwe kabla sheria hiyo haijaanza. Kuhusu makipa nitakubali mjadala. Tuna seti moja tu ya pedi kwa timu zote mbili, ya wanaume na ya wanawake, na kipa wa pili hawezi kufanya mazoezi ya kona wakati wa kwanza amezivaa. Hapo kosa si la kipa, na kabla hatujamhesabia siku zake inabidi tumnunulie pedi.